Gesi ya Wiki Nane

Bloemfontein
Alhamisi, 2 Septemba 1999

Baba Tsoanelo,

Amani kwako na kwa mbuzi wako, ambao najua umeshawasalimia leo kabla hujamsalimia mtu yeyote.

Tundu halijaziba. Nimeanza na hilo ili usihangaike kulitafuta chini ya ukurasa. Leo asubuhi Daktari Vermaak amelitazama jicho kwa ile mashine yake, akamwita mwenzake naye akatazama, wakaongea Kiafrikana chao kirefu, na mimi nimekaa pale kidevu juu ya chuma kama mbuzi anayesubiri dawa ya minyoo. Tsoanelo akaegesha ndoo yake ya deki ukutani, akaja kunitafsiria. Ndivyo hospitali hii inavyokwenda: anayepiga deki wodini ndiye mdomo wa daktari. Akaniambia, "Mama, bado liko wazi. Wanasema limekuwa sugu."

Sugu! Kama mke aliyepewa talaka akakataa kufunga mizigo.

Basi hali ni ileile uliyoiona Julai. Nikimtazama mtu kwa jicho la kulia naona kofia, naona blanketi, naona viatu, na pale katikati panapokaa uso pamenyofolewa. Kwa uso wako wewe hasara si kubwa. Ila kwa sufu nimekwisha. Miaka ishirini na miwili nimesimama kwenye meza ya ghala, sufu ya mbuzi wa wilaya nzima imepita mikononi mwangu, na mchagua sufu asiyeona unywele mmoja mgumu katikati ya laini ni sawa na mpishi asiyejua chumvi. Jicho la kushoto nalo lina mtoto wa jicho, anakua tu. Kwa hilo nasoma herufi kubwa, kwa hiyo ukiniandikia, andika kama unamwandikia mtu wa darasa la kwanza.

Wanataka kunipasua tena. Wataambua utando mwingine huko nyuma ya jicho, kisha waweke gesi ya kulikandamiza tundu, na mimi nilale kifudifudi ili gesi ipande ikae juu yake. Nilimwambia Tsoanelo aulize ni siku ngapi. Waliongea mpaka nikadhani wanaulizana habari za ukoo. Kisha akanigeukia: "Kama Juni, mama. Wiki mbili kifudifudi." Nikasema haya. Juni nililala wiki mbili, ya tatu nikapanda basi nikarudi nyumbani, sikufa. Wangeniambia miezi, ningemwachia daktari kisu chake. Ghala linafunguliwa tarehe 11 Oktoba, na meza isiyo na mtu siku ya kwanza huwa na mtu siku ya pili.

Upasuaji ni Jumanne. Mwambie meneja nakuja.

Mama Tsoanelo


Bloemfontein
Ijumaa, 10 Septemba 1999

Baba,

Nakusalimu kwa heshima. Barua hii nimempa Mosiuoa dereva wa basi mkononi. Tafadhali usiiache juu ya meza.

Mama amepasuliwa salama. Amelala kifudifudi kwenye benchi nililolitandikia mito, uso umeingia kwenye nafasi katikati, na analalamika kuhusu sakafu yangu kwa sababu ndiyo kitu pekee anachokiona. Kwa hiyo ujue ni mzima.

Sasa, baba, nisikilize bila kupiga meza. Gesi ya safari hii si ile ya Juni. Ile huisha kwa wiki mbili hivi. Hii ni ya wiki nane, kwa sababu tundu limekuwa sugu na linahitaji kukandamizwa muda mrefu. Kulala kifudifudi ni wiki mbili, hapo sikudanganya. Nilidanganya kwa yale niliyoyaacha. Daktari alisema mpaka gesi iishe yote, asipande ndege na asipande mlima. Unajua pakiti ya krispi za viazi inavyotuna basi la nyumbani likifika kule juu mlimani Tlaeeng, mpaka watoto wanaipasua kwa kucheza? Daktari anasema gesi ndani ya jicho nayo itatuna vilevile, na jicho halina pa kutunia. Litajibana lenyewe mpaka damu isipite.

Mimi nilitafsiri ndege tu. Mama akacheka, akasema, "Mwambie mimi ndege sijawahi hata kuigusa." Mlima niliusikia, nikaumeza.

Unamjua. Angesikia wiki nane angesema ghala kwanza, jicho mwakani, na daktari alisema mwakani tundu litakuwa halifai hata kuguswa. Nilitaka apone. Nitamwambia pole pole, siku baada ya siku. Ila akitaka kurudi mapema, nisaidie kumzuia huku chini.

Binti yako,
Tsoanelo


Mokhotlong
Jumatano, 15 Septemba 1999

Tsoanelo,

Nimeisoma na nimeichoma.

Umekosea. Mama yako si mbuzi wa kuzungushiwa uzio. Njia ya mwongo ni fupi, na hii yako ni fupi zaidi kwa sababu mwisho wake ni kituo cha basi. Isitoshe, gesi imeshaingia, hawezi tena kuikataa. Unaogopa nini? Mwambie leo.

Nilitaka nimwandikie mwenyewe. Nimeshika kalamu mara tatu. Nikiandika "binti yako amekuficha" naona ninakuchoma wewe. Nikiandika "daktari amekuficha" naona ninamsingizia mtu. Halafu nikafikiri, akikasirika atanyanyuka kwenye lile benchi, naye bado hajamaliza siku zake za kulala. Unajua hasira zake, hazikai kitako.

Basi tufanye hivi. Siku atakayomaliza kulala, tarehe 21, umwambie wewe kwa mdomo wako. Mpaka siku hiyo nitanyamaza. Baada ya hapo mimi simo.

Baba yako,
Tlali


Bloemfontein
Jumatano, 22 Septemba 1999

Tlali!

Nakuita jina kama siku zile unanivizia kisimani. Nisamehe, nina furaha.

Nimemaliza. Nakuandikia nimekaa kwenye kiti kama binadamu. Wiki mbili nimeishi na sakafu. Nimekula ugali kwa kuinama kama kuku. Wanawake wa mtaa huu walikuja kunijulia hali, nikawatambua kwa kandambili, na mmoja alivua kandambili mlangoni nikashindwa kujua ni nani, akajitaja mwenyewe: "Mama, mimi yule wa kandambili nyekundu."

Sasa sikiliza. Nilipoondoka nyumbani nilibana kishungi cha sufu kwenye pini ya blanketi langu, sufu ya mbuzi mchanga, ile ya daraja la juu. Jumapili, nimelala hivyohivyo, nikafumba jicho la kushoto, nikakisogeza karibu kabisa na pua, upana wa vidole viwili. Gesi inageuza kila kitu cha mbali kuwa maji, lakini hapo karibu panaonekana. Tlali, niliuona unywele mmoja mzima. Mwanzo wake, katikati yake, mwisho wake. Haukukatika popote. Nikauona wa pili. Nikahesabu kumi na saba, na wa kumi na nane ulikuwa mgumu, ningeutupa. Nikalia kifudifudi, machozi yakadondoka moja kwa moja sakafuni bila hata kupita shavuni.

Jana daktari ametazama. Limeziba! Amesema kingo zimekutana. Alimpa Tsoanelo mkono, yeye na gauni lake la deki. Tukiwa njiani kurudi Tsoanelo akasema, "Mama, kuna jambo nataka nikwambie," kisha akaanza kulia pale barabarani, hakusema kitu. Nikamwambia lia, mwanangu, furaha nayo ina machozi yake.

Gesi bado imo, naiona inachezacheza kama maji kwenye chupa, lakini Juni nayo ilibaki tone nikapanda nayo basi, ikaisha yenyewe. Nakuja Jumamosi tarehe 2. Nataka wiki nzima ya kupumzisha mgongo kabla ghala halijafunguliwa. Chinja kitu. Kama huwezi kuchinja, basi angalau fagia.

Mama Tsoanelo


Mokhotlong
Jumapili, 26 Septemba 1999

Mama Tsoanelo,

NAANDIKA KWA HERUFI KUBWA KAMA ULIVYOTAKA, ndiyo maana kurasa ni tatu.

Habari ya jicho nimeipata. Nilitoka nje nikasimama muda, sikujua nimwambie nani. Nimefurahi kuliko nitakavyoweza kuandika.

Ila usije Jumamosi.

Kwanza, theluji imeanguka tena Oxbow na barabara ni mbaya. Basi liliteleza juzi.

Pili, usiwe na haraka ya ghala. Meneja amemweka Moliehi kwenye meza yako kwa muda. Unamkumbuka Moliehi, mjane wa kule juu ya shule. Ana mkono mwepesi na macho makali, anajifunza haraka, hata meneja anamsifu. Kwa hiyo kazi haijalala. Unaweza kupumzika hata mpaka Novemba.

Tatu, nyumba haikaliki. Kuta zinakandikwa upya. Ni Moliehi huyohuyo anayekandika, amejitolea, amechora ukuta wote wa mbele kwa vidole, mistari kama ile ya mashamba, umependeza. Lakini udongo ni mbichi, unyevu si mzuri kwa mtu aliyetoka kupasuliwa. Mimi nalala jikoni.

Kaa hapo kwa binti yako. Kula. Usiwaze huku. Huku hakuna linalokungoja.

Baba Tsoanelo


Bloemfontein
Jumatano, 29 Septemba 1999

Tlali,

Barua yako nimeisoma mwenyewe, kwa jicho langu la kushoto, kutwa nzima.

Katika miaka thelathini na moja ya ndoa hujawahi kuniandikia zaidi ya nusu ukurasa. Ulipofiwa na mama yako nilipata mistari minne. Leo kurasa tatu, na Moliehi yumo katika mbili.

Mwanamke akishika meza ya mwenzake, hiyo ni kazi, na kazi hugawanywa. Lakini ukuta wa nyumba hukandikwa na mwenye nyumba. Hilo hufundishwi na mtu, unalijua tangu unanyonya. Kuta zangu nilizikandika mwaka jana kabla ya Pasaka kwa vidole hivi, na hazikuwa na ufa. Sijui nani kazionea kasoro.

Umesema, "Huku hakuna linalokungoja." Nimekuelewa.

Salamu kwa fundi wa kuta.

Nthofeela


Bloemfontein
Jumamosi, 2 Oktoba 1999

Baba,

Naandika nimesimama hapa stendi. Nampa mtu wa basi la mchana.

Mama hayupo. Niliingia zamu saa kumi na mbili asubuhi, niliporudi saa nane kumpa chakula chake nimekuta benchi limesogezwa ukutani, mito imepangwa, sakafu imefagiwa. Barua yako nimeikuta chini ya mto. Baba, kuta? Ulikuwa unafikiri nini? Katika uongo wote wa dunia ukachagua mwanamke kukandika kuta za mama?

Najua, kama si mimi usingelazimika kudanganya. Tarehe 21 nilifungua mdomo nikashindwa. Alikuwa anacheka barabarani, baba. Sikumbuki mara ya mwisho nilimwona anacheka vile.

Nimepiga simu ofisi ya ghala, inalia tu, Jumamosi hakuna mtu. Nimewapigia polisi wa pale mlima unapoanzia. Askari akaniuliza kama mama yangu ametoroka na mali ya mtu. Nikasema hapana, ana gesi ndani ya jicho. Akasema hawezi kusimamisha basi la watu sitini kwa sababu ya gesi.

Ukipata hii kabla hajafika, nenda ukamzuie. Lakini najua hutaipata kabla.

Tsoanelo


Mokhotlong
Jumanne, 19 Oktoba 1999

Tsoanelo,

Sikukuandikia kwa sababu sikuwa na mkono wa kuandikia. Leo nimejilazimisha, maana unastahili kujua.

Alipanda basi la Mosiuoa. Mosiuoa mwenyewe ndiye aliyenisimulia, na analia anaposimulia. Walipoanza kupanda mlima wa Moteng akashika kichwa. Walipofika Oxbow alikuwa anatapika, na watu wakadhani ni njia, wengi hutapika njia ile. Alikuwa ameuma blanketi asipige kelele. Walipofika Tlaeeng, pale juu kabisa, Mosiuoa akamhurumia. Akasimamisha basi. Akamtoa nje, akamketisha kwenye jiwe apate upepo, abiria wote wakasubiri, nusu saa nzima. Mtu mmoja akampa chai kwenye kifuniko cha chupa. Walifanya wema wote waliokuwa nao, pale ambapo hakupaswa kukaa hata dakika moja.

Mama yako anasema hapohapo juu ya jiwe jicho lilizima. Si giza la usiku, anasema. Hakuna kitu tu.

Alishuka hapa jioni. Nilikuwa zizini. Hakuniita. Alikwenda moja kwa moja ukutani akaupapasa kwa viganja, kutoka mlangoni mpaka pembeni. Udongo ni mkavu, mistari ni yake ya mwaka jana. Akanikuta nimesimama nyuma yake. Akasema, "Huu ukuta haujaguswa." Nikasema haujaguswa. Akasema, "Basi hakuna mwanamke." Nikasema hajawahi kuwepo, Moliehi hajavuka hata ua wetu. Akaondoa viganja ukutani. Kisha akauliza, "Sasa kwa nini, Tlali?"

Nikamwambia. Hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu: "Tangu lini mnajua?"

Kumshusha kwenda hospitali kubwa kungekuwa kumpitisha kulekule juu tena. Daktari wa hapa alihangaika na simu siku mbili mpaka akampata Vermaak, akaelekezwa, akaivuta gesi kwa sindano. Maumivu yameisha. Jicho limebaki mahali pake, linageuka huku na huku kama jicho, lakini ukilimulika kwa tochi halijui.

Ghala lilifunguliwa tarehe 11. Alikwenda. Alisimama mlangoni, akawasalimu, akarudi.

Na mimi nilisema baada ya tarehe 21 simo. Nilikuwemo.

Tlali


Bloemfontein
Jumapili, 31 Oktoba 1999

Mama yangu,

Hii ni barua ya tatu. Mbili za kwanza nimezichana. Naandika herufi kubwa, uisome mwenyewe. Usimpe mtu akusomee.

Sina la kujitetea, lakini nitajitetea, kwa sababu ndivyo nilivyo na wewe ndiye uliyenizaa. Mama, ungekataa. Sema kweli. Daktari alipotamka wiki nane niliuona uso wako kabla sijakugeukia. Niliona unachukua blanketi lako. Nikaona mwakani, tundu limepanuka, unapapasa vikombe mezani. Nikasema nitabeba dhambi hii mimi, wewe upate jicho. Na ulilipata, mama! Lilikuwa limeziba. Nywele kumi na saba. Nilifanya vibaya lakini sikukosea kuhusu jicho.

Kuna jambo jingine, afadhali ulisikie kwangu. Siku daktari wa huko alipopiga simu, Vermaak alikuja kunitafuta wodini. Nilikuwa napiga deki. Akaniuliza mbele ya manesi, "Ulimwambia kuhusu mlima?" Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa, akasema watu wa milimani hawasikii. Akaandika kwenye faili lako kwamba mgonjwa alielezwa na hakufuata maagizo. Nimeliona kwa macho yangu, liko pale.

Nina watoto wawili, mama, na hii ndoo ndiyo inayowalisha. Niliogopa.

Naomba nije Krismasi. Naomba uniruhusu nikae miguuni pako hata kama hutasema neno.

Mtoto wako,
Tsoanelo


Mokhotlong
Jumamosi, 13 Novemba 1999

Tsoanelo,

Barua yako nimeisoma kwa siku nne. Hakuna aliyenisomea.

Umeniomba niseme kweli, nami nasema. Ndiyo, labda ningekataa. Ningerudi huku na tundu langu. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Lile tundu nilikuwa nalijua, nilikuwa nageuza kichwa kidogo pembeni na kumwona baba yako ubavu ubavu. Ningepapasa vikombe, sawa. Vikombe ni vyangu.

Au labda ningekubali. Labda ningekaa chini pale kwako kwa wiki nane, ningenung'unika, ningekusumbua kwa sakafu yako chafu, ningepoteza meza, nikabaki na jicho. Wewe unaapa unajua ningesema nini. Baba yako naye anaapa. Mimi mwenyewe sijui, na sitajua mpaka nife, kwa sababu sikuulizwa. Jicho limeniuma siku mbili. Hili linaniuma kila asubuhi ninapoamka.

Mlinionea huruma, wewe na baba yako. Mlikaa mkaandikiana barua kunihusu, kama watu wanaojadili ng'ombe mzee. Mkaona mimi nikiambiwa ukweli nitafanya ujinga. Kisha mkaniambia uongo, na ujinga nikaufanya.

Baba yako naongea naye kuhusu mbuzi. Wiki iliyopita nilimkuta ameloweka udongo, anakandika ukuta mwenyewe, amepakaa mpaka kwenye ndevu, majirani wamejaa wanacheka. Nadhani ilikuwa njia yake ya kuomba radhi. Nilimwambia anawe mikono. Nitaukandika mimi, siku nitakayotaka, nikitaka.

Kuhusu faili. Nenda kwa daktari. Usimwandikie, nenda, na umwambie mbele ya manesi walewale: mama yangu hakuambiwa, maneno yalikuja kwangu nikayazuia. Afute alichoandika. Najua watoto wako wanakula kwenye ndoo hiyo, na mimi niliwalea watatu kwenye meza ambayo sasa sina. Kama watakufukuza, njoo huku na watoto, kuna mbuzi, hawatalala njaa. Lakini sitabaki katika karatasi za watu kama mwanamke wa milimani asiyesikia. Mimi nilisikia kila neno nililopewa. Ukishafanya hivyo niandikie. Kabla ya hapo usiniandikie, na Krismasi usije.

Sasa la mwisho. Jicho la kushoto litaondolewa mtoto wa jicho mwezi Machi, hospitali kubwa ya huko chini. Daktari wa huko ametoka Kongo, hajui Kisotho. Ni lazima niende na mtu wa kunitafsiria. Baba yako alisema, "Tsoanelo ataomba ruhusa." Nikamwambia hapana.

Nimemwomba Moliehi. Ndiyo, huyohuyo. Alisoma kwa watawa, Kiingereza anakijua. Nilimfuata ghalani, mezani pangu ambapo ni pake sasa. Hanipendi. Amesikia yaliyoandikwa kuhusu yeye na kuta zangu, na hakufurahi. Nami simpendi, na meza hataniachia hata nikirudi na macho manne, alinieleza hivyo bila kuacha kuchambua sufu. Nikamwambia, "Nataka unipe kila neno la daktari kama lilivyotoka. Likiwa baya, ndilo uanze nalo."

Akasema, "Mama, mimi hilo halinipi tabu. Kwa nini usiende na mwanao?"

Nikamwambia, "Mwanangu ananipenda."

Akanitazama, nadhani alinitazama, kisha akasema tutaondoka pamoja na basi la kwanza.

Mama yako,
Nthofeela